Git inamaliza RAM? Ibane hivi, hatua kwa hatua

Kama una seva ndogo na `git gc` (amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, inayosafisha na kubana hifadhi yake) inakufa njiani na ujumbe wa `fatal: Out of memory, malloc failed`, usikimbilie kuongeza RAM, mara nyingi tatizo lipo kwenye kupaki tu, yaani kubana faili zote ndani ya faili moja la paki, na hapo panabanika vizuri.

Kwanza shika hili maana ndo kila kitu. Git ikipaki inaweka faili zinazokaribia kufanana kwenye memori kwa pamoja, kawaida 10, inazilinganisha ili itunze tofauti badala ya nakala nzima, halafu hiyo kazi inagawiwa thredi (vijikazi vinavyokwenda sambamba), moja kwa kila kiini (core) cha prosesa, na kila thredi inabeba fungu lake. Sasa piga hesabu, faili za MB 100, kumi kumi, thredi 4, hapo unagonga GB 4 na Git yenyewe haijajiwekea kikomo.

Hatua 1: pima. Kwenye Linux:

`/usr/bin/time -v git repack -a -d -f`

Angalia mstari wa Maximum resident set size. Hiyo `-f` usiiache, bila hiyo Git inatumia tena kazi ya zamani na utadhani umeshapona kumbe bado.

Hatua 2: punguza thredi, weka kikomo.

`git config pack.threads 1`
`git config pack.windowMemory 100m`
`git config pack.deltaCacheSize 50m`

Kikomo cha `pack.windowMemory` ni kwa kila thredi, kwa hiyo ukiacha thredi 4 ni mara nne. Itaenda polepole na paki inaweza kunenepa kidogo, ila itamaliza, na kwa seva ndogo mi naona hiyo ni biashara nzuri kabisa.

Hatua 3: faili kubwa zisilinganishwe. Picha, video na zip hazina faida yoyote hapo, zinakula memori bure. Kwenye `.gitattributes` andika:

`*.zip -delta`
`*.psd -delta`

Ipo pia `core.bigFileThreshold`, ukubwa ambao faili ikiuzidi Git hailinganishi, kawaida yake MB 512, unaweza kuishusha hadi `50m`, ila jua faili ikizidi hapo `git diff` haitakuonyesha mabadiliko yake hata kama ni maandishi matupu. Ndo maana mi naanza na `.gitattributes`. Ukishamaliza rudia hatua 1 uone namba imeshuka wapi.

Hatua 4: ikifia kwenye clone, yaani unaponakili mradi kutoka seva. Soma mstari wa kosa, ukianza na `remote:` basi anayepaki ni seva, hata ubadilishe konfigi ya laptop yako usiku kucha haisaidii, hizo seti za juu zinatakiwa kule. Kama seva si yako omba kidogo tu, weka `--depth 1` (toleo la mwisho tu bila historia), au `--filter=blob:none` (faili za zamani zisubiri hadi zihitajike) kama seva inaikubali.

Na tafadhali achana na `git gc --aggressive` kwenye mashine ndogo, yenyewe inalinganisha faili 250 badala ya 10.