Somo: Seva ya Python yenye uzi kwa kila mteja

Wakuu, leo tuandike seva ndogo ya TCP (njia ya kutumiana data mtandaoni), inayomrudishia mteja alichotuma, na kila mteja awe na uzi wake (thread: kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine). Wengi seva zao humhudumia mteja mmoja huku wengine wakipanga foleni, kwa sababu `recv` wameiweka kwenye lupu ileile ya `accept`, inayopokea wateja wapya. `recv` husubiri data. Mteja akinyamaza, seva nzima imekwama.

Hatua ya 1: andika hii.

```
import socket, threading

def hudumia(mteja):
    with mteja:
        while True:
            data = mteja.recv(1024)
            if not data:
                break
            mteja.sendall(data)

s = socket.socket()
s.bind(("0.0.0.0", 5000))
s.listen()
while True:
    mteja, anwani = s.accept()
    threading.Thread(target=hudumia, args=(mteja,), daemon=True).start()
```

Lupu ya chini inampokea mgeni, inamkabidhi kwa uzi mpya, inarudi mlangoni. Basi. Hata jina la mtumiaji liulizwe ndani ya `hudumia`, maana kulisubiri nako ni `recv`. Mkato ulio baada ya `mteja` kwenye `args` usiufute.

Hatua ya 2: fungua terminali mbili, kila moja andika `nc localhost 5000` (`nc` ni programu ndogo ya kuunganisha na seva), kisha andika neno. Zote zikujibu.

Hatua ya 3, na hapa tulia kidogo: `if not data`. Mteja akifunga muunganisho, `recv` haitoi kosa. Inarudisha baiti sifuri, na itazirudisha papo hapo kila ukiiita. Bila mstari huo uzi unazunguka bure na prosesa inachemka. Niliwahi kukesha nikidhani seva imezidiwa na wateja, kumbe wote walishaondoka.

Mteja akiishiwa bando ghafla, hata hiyo sifuri huipati, uzi unabaki ukisubiri. Weka `mteja.settimeout(60)` kabla ya lupu, kisha ukamate `OSError` inayotokea muda huo ukiisha.

Swali: Mkuu, nikizima na kuwasha tena naambiwa anwani inatumika.

Jibu: Miunganisho ya zamani bado inasubiri kufa, kwenye Linux huchukua sekunde 60. Kabla ya `bind` weka `s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEADDR, 1)`.

Swali: Natuma "habari" halafu "nzuri", seva inapokea "habarinzuri". Ni uzi?

Jibu: Hapana ndugu, TCP ni kama maji ya bomba: haijui ndoo yako iliishia wapi. Malizia kila ujumbe kwa `\n`, na upande wa seva ulimbikize baiti hadi uione.

Swali: Nataka wateja wachati wote pamoja. Orodha yao naiweka wapi?

Jibu: Nje ya `hudumia`, ikilindwa na `threading.Lock()`. Shika kufuli, nakili orodha, achia, ndipo utume. Ukituma huku umeshika kufuli, mteja mmoja mwenye mtandao mzito atawazuia wenzake wote.