Somo: Kuunda objekti za XML kutoka skima yoyote katika Java

Hapa Kigoma tulianza na skima (faili la XSD linaloeleza muundo wa XML) moja ya shehena ya dagaa, ikafuata ya mawese, kisha ya chumvi ya Uvinza, na kila ilipokuja skima mpya tuliongeza `if` nyingine hadi faili likawa halisomeki. Kwa Apache XMLBeans, maktaba ya Java ya kushughulikia XML, skima yenyewe ndiyo hutaja aina.

Hatua ya kwanza ni kusoma faili la XSD kwa `XmlObject.Factory.parse` na kulipitisha kwenye `XmlBeans.loadXsd`, ambayo huikompaili skima wakati programu inaendelea kufanya kazi, kisha hurudisha `SchemaTypeLoader`. Hapa nimeiita kipakizi.

Hatua ya pili ndiyo huwakwamisha wengi:

```java
QName jina = new QName("http://mfano/shehena", "Dagaa");
SchemaType aina = kipakizi.findDocumentType(jina);
XmlObject hati = kipakizi.newInstance(aina, null);
```

Nemspesi (hapa `http://mfano/shehena`) hulinganishwa herufi kwa herufi. Niliwahi kupoteza mchana mzima kwa kuwa katika skima iliishia na mkwaju (`/`), nami katika msimbo sikuuweka. `findDocumentType` hailalamiki, hurudisha `null` tu. Ikague kabla ya kuita `newInstance`.

Hatua ya tatu ni kujaza. Chukua kishale cha kutembea ndani ya hati kwa `hati.newCursor()`, ita `toNextToken`, fungua mzizi kwa `beginElement(jina)`, halafu weka kilo 480 kwa `insertElementWithText`, ukifuata mpangilio wa `xs:sequence`. Mwishoni ita `validate`, ukiwa umeipa orodha ya makosa kupitia `setErrorListener`, kwani bila orodha hiyo utaambiwa `false` pasipo sababu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kasulu:* Mkuu, mbona sioni `getKilo()` kwenye hati?

Ndugu yangu, `loadXsd` haizalishi klasi za Java. Hati inaijua aina yake na inakaguliwa kwayo, lakini thamani utazisoma kwa kishale cha `newCursor()`. Ukitaka `getKilo()`, zalisha klasi mapema kwa `scomp`, zana ya XMLBeans ya kukompaili skima.

*Kutoka Tabora:* Shikamoo mwalimu. Nikiita `aina.getName()` napata `null`, ilhali hati imeundwa.

Marahaba. Aina ya hati haina jina lake yenyewe, ita `getDocumentElementName()`.

*Kutoka Ujiji:* JAXB, ile njia nyingine ya Java ya kugeuza XML kuwa objekti, haitoshi?

Inatosha pale skima inapojulikana mapema na haibadilikibadiliki. Ila tangu Java 11 haimo tena ndani ya JDK, hivyo uiongeze mwenyewe kwenye mradi.