Kichwa kinauma kila mara na shingo imekaza? Namna ya kutumia osteopathi ukiwa Kigoma

Huku kwetu kichwa kikiuma ni Panadol mbili, isipotulia diklofenaki ya dukani, isipotulia tena mtu anajitibu malaria bila hata kupima. Malaria Kigoma ipo kweli, kwahiyo kama kichwa kimekuja na homa nenda kapime kwanza, kale kapimo ka tone la damu kidoleni hakamalizi nusu saa jibu unalo. Ila kuna watu wameshapima mara kibao haipo, presha iko sawa, macho yako sawa, na kichwa bado kinagonga kila wiki. Hao ndo naongea nao.

Osteopathi ni tiba ya mikono. Aliianzisha daktari wa Marekani, Andrew Taylor Still, mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo pale Kirksville, Missouri. Mpaka leo Marekani wanaosomea osteopathi wanatoka madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua, wakati Uingereza ni fani inayojitegemea yenye sheria yake ya mwaka 1993. Mtaalamu anakuuliza maswali mengi, anakagua shingo, mgongo, taya mpaka mbavu, alafu analegeza misuli na viungo vilivyokaza. Sasa usizunguke Mwanga nzima kutafuta kibao cha osteopathi, ulizia fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na mikono, pale hospitali ya rufaa ya mkoa Maweni, na wa Tabora waanzie Kitete, maana mbinu za mikono za shingo kwa sehemu kubwa zinafanana.

Kabla hujaenda jua kichwa chako ni cha aina gani. Kama kinabana pande zote kana kwamba umefungwa kamba, hakigongi sana na unaweza kuendelea na kazi, hicho mara nyingi ni cha misuli kukaza na mawazo. Kama kinaanzia kisogoni upande mmoja kinapanda mpaka kwenye jicho, na ukigeuza shingo kinazidi, basi shingo yenyewe inahusika. Kipandauso kina tabia zake: kinadunda, mara nyingi upande mmoja, kichefuchefu, mwanga na kelele hutaki, na usipokitibu kinakaa kuanzia masaa 4 mpaka siku 3. Wengine kabla hakijaanza wanaona vimulimuli au mistari ya zigizaga kwa muda usiozidi saa moja hivi.

Shingo inaingiaje kwenye maumivu ya jicho? Mishipa ya fahamu mitatu ya juu kabisa ya shingo inapeleka taarifa sehemu ileile inapofikia taarifa ya mshipa wa fahamu wa usoni, kwahiyo ubongo unachanganya, shingo inalia we unasikia paji la uso. Ndo maana mikono inasaidia zaidi kichwa cha shingo na cha misuli. Kwenye kipandauso tafiti zipo ila ni ndogo ndogo, baadhi zinaonyesha siku za maumivu zinapungua, kwahiyo ichukulie kama msaidizi, usije ukatupa dawa zako. Na ile ya kushika fuvu taratibu wakidai mifupa ya kichwa inarekebishwa, ushahidi wake ni dhaifu sana, mi hela yangu nisingeipeleka huko.

Nyumbani anza hivi. Lala chali kwenye mkeka, chukua mipira miwili midogo kama ya tenisi uitie kwenye soksi ufunge fundo, isipokuwepo kunja kitenge kiwe kigumu kama mchi, weka pale fuvu linapoishia na shingo inapoanza, kila mpira upande wake, mfupa wa katikati uache wazi. Alafu usibonyeze, ndo kosa la wengi, acha kichwa kilale kwa uzito wake tu na upumue taratibu dakika 3 hivi. Utasikia pale panauma kidogo kisha panaachia, na kama maumivu yanayokuja ni yaleyale unayoyajua yakikimbilia kwenye jicho, hiyo dalili mwambie fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, ataifurahia. Ukiona kizunguzungu, ganzi au macho kufifia, acha.

Ukiinuka kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, shika sekunde 5, rudia mara 10. Kisha laza kichwa kuelekea bega moja sekunde 20 mpaka 30, upande wa pili hivyohivyo. Taya nayo usiisahau, wanaosaga meno usiku na wanaotafuna muwa kutwa nzima misuli ya pembeni ya kichwa inachoka, isugue kwa vidole mdomo ukiwa umeachia.

Ila mazoezi hayo hayafui dafu kama mzigo ni uleule. Mama anayebeba beseni la dagaa kutoka Kibirizi kwa kichwa kila asubuhi, agawe mzigo safari mbili, ngata iwe nene na ikae katikati, akipata toroli hata ya kuchangia na wenzie bora zaidi. Wavuvi wa dagaa nao wanakesha ziwani wakiangalia taa alafu wanalala mchana kwenye kelele, na kipandauso hakipendi usingizi wa kurukaruka, kwahiyo hata kama ni mchana jitahidi saa ya kulala iwe ileile, ule, na unywe maji kabla ya kulala.

Na jamani, kinyozi! Amemaliza kunyoa, anakupaka spiriti, anakukanda mabega vizuri kabisa unasinzia, ghafla anakushika kidevu na kisogo anazungusha mpaka shingo inalia kach. Mwambie mapema shingo asiguse. Kuzungusha shingo kwa nguvu, mara chache lakini imetokea, kunahusishwa na kuchanika mshipa wa damu shingoni na mtu akapata kiharusi. Hata fizio au mtu wa osteopathi akitaka kuizungusha shingo ilie kach una haki ya kukataa, zipo njia za taratibu. Kukanda mabega sawa, kandwa tu.

Siku ya kwenda kwa mtaalamu beba daftari au simu uliyoandika siku kichwa kilipouma, saa, upande, ulilala vipi, ulikula nini, siku zako kama we ni mwanamke, na vidonge ulivyomeza. Hivyo vidonge andika kwa ukweli, kwasababu ukimeza Panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikipita mitatu dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa, na zile za mchanganyiko zenye kafeini ni siku 10 tu. Hapo hata ukandwe na nani hutapona mpaka daktari akusaidie kupunguza. Baada ya kukandwa mwili unaweza kuuma siku moja mbili, ni kawaida. Ukienda mara nne tano na daftari halionyeshi mabadiliko yoyote, acha, usiendelee kulipa kwa mazoea.

Kipandauso kikiwa kimeshapanda usiende kukandwa. Meza dawa yako mapema, chumba cha giza, kitambaa cha baridi, ulale. Na dada unayeona vimulimuli, mwambie nesi wa uzazi wa mpango kabla hajakupa vidonge vya majira, vile vyenye homoni mbili vinaongeza hatari ya kiharusi kwako, zipo njia nyingine atakupa.

Kuna vichwa si vya mikono kabisa, ni vya hospitali siku hiyohiyo hata usiku: kilicholipuka ghafla kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata, chenye homa na shingo ngumu, chenye mkono kulegea au mdomo kwenda upande, kilichoanza baada ya kuanguka na bodaboda, cha mjamzito anayeona ukungu au aliyevimba uso na mikono. Aliyevuka miaka 50 akaanza kichwa ambacho hakuwahi kuwa nacho, naye amuone daktari kwanza, fizio baadae.