Jinsi ya kuwakalisha fundi, mfugaji na mpiga programu kwenye tangi moja la maziwa

Mimi ni katibu wa ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Muheza. Kituo chetu kina tangi moja la kupozea, la lita 2,000. Usiku mmoja wa mwezi Machi umeme ulikatika saa nane, ukarudi baada ya dakika chache, lakini kompresa, mashine inayoendesha upozaji, haikuwaka tena. Mlinzi alisikia kimya akadhani mashine imepumzika, maana hupumzika kila siku maziwa yakishapoa. Alfajiri mpokeaji wetu alichota kidogo akachanganya na spiriti ya kupimia, yakaganda palepale. Tulimwaga maziwa yote, wakati akina mama wanashuka mlimani na mitungi mingine kichwani.

Leo tangi lile lina kifaa kinachopima joto na kutuma taarifa kwenye simu zetu. Wataalamu huita kazi hii Intaneti ya Vitu. Kukifunga kifaa kulichukua siku mbili. Kuwapatanisha watu wa fani mbalimbali mpaka kifaa kikawa na faida kulichukua miezi saba, na hiyo miezi saba ndiyo ninayotaka kukupunguzia.

Anza na hasara. Kikao chetu cha kwanza tulimwalika kijana wa programu kutoka chuoni aje atueleze teknolojia. Aliposema "tutafunga sensa", akimaanisha kifaa cha kupima joto, mzee mmoja akasimama kuuliza kama ng'ombe sasa wanahesabiwa ili watozwe kodi. Alikuwa na haki kuuliza, maana huku kwetu sensa ni ya watu na makazi, na ile ya 2022 ilikuwa bado vichwani mwa watu. Kikao kikaishia hapo. Cha pili nilikuja na daftari la maziwa yaliyokataliwa katika miezi sita, nikalisoma siku kwa siku. Hapo kila mtu akaanza kutaja anachopoteza yeye. Dereva anakwenda Tanga na gari nusu tupu huku mafuta ni yaleyale. Fundi wa majokofu anaitwa mambo yakishaharibika, kisha analaumiwa. Afisa mikopo aliyekuja kusikiliza akasema marejesho huchelewa kila baada ya mwezi wenye mwago mkubwa. Tukakipa kifaa jina ambalo wote tulilielewa, kipimajoto cha simu, na neno sensa hatukulitumia tena.

Kikao kifanyike kando ya tangi, saa tatu asubuhi baada ya mapokezi, wala si ofisini. Mbele ya tangi fundi huongea kuliko mwenye kompyuta, na unahitaji aongee.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifundisha zaidi. Kijana wa programu alitaka kutumbukiza kipimajoto ndani ya maziwa. Kilikuwa DS18B20, kile kidogo kilichofungwa kwenye chuma kisichoshika kutu, chenye waya. Fundi alikataa kabisa: waya ndani ya maziwa ni maficho ya uchafu, na tangi husafishwa kila siku kwa maji ya moto na dawa kali. Akamwonyesha kibomba kilichozibwa mwisho, kinachoingia ndani ya ukuta wa tangi, ambacho watengenezaji walikiweka kwa ajili ya kipimajoto. Kijana hakuwa amewahi kukiona. Yeye naye akamwonyesha fundi jinsi ya kuhakiki kipimo kwa barafu inayoyeyuka, ambayo ni nyuzijoto 0, kwa kuwa kifaa kile huweza kupishana na ukweli kwa nusu nyuzi. Bwana mifugo alisimama pembeni na kipimajoto chake, tukalinganisha.

Wiki ya kwanza simu zililia kila asubuhi. Programu ilikuwa imeandikwa kwa kanuni moja: joto likizidi nyuzi 6, piga kengele. Lakini maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana joto la mwili wake, karibu nyuzi 38, na kila mtungi unaomiminwa hupandisha joto la tangi zima. Watu wakaanza kuzima simu. Aliyetatua jambo hili ni mpokeaji wetu, aliyeishia darasa la saba na ana miaka kumi na mitano kwenye kazi hiyo. Alisema, "Joto kupanda asubuhi siliogopi. Ninaogopa likipanda halafu lisianze kushuka." Kijana aliandika sentensi hiyo kwenye kiganja chake, na jioni ile ikawa programu: kengele ilie iwapo joto limezidi nyuzi 6 na halijashuka kwa dakika arobaini na tano. Kengele za bure zikaisha. Kwa hiyo kabla mpiga programu hajaandika mstari wowote, mkalishe siku tatu na mtu anayepokea maziwa, aanze naye saa kumi na mbili asubuhi. Mlipe nauli na chai. Hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi wetu.

Si sisi wa kwanza kupata kitu kizuri kwa kukutanisha fani mbili. MQTT, lugha nyepesi ambayo vifaa vingi vya namna hii huitumia kutuma taarifa, ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, aliyekuwa upande wa mitambo ya mafuta. Walitaka kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila herufi inayotumwa ina gharama. Ndiyo maana hata leo inatutosha sisi wa bando dogo.

Jambo jingine: amueni nani ataamka kengele ikilia usiku. Kule Kyuso, Kenya, watafiti wa Oxford waliweka vifaa kwenye mikono ya pampu za visima ili vitoe taarifa kwa simu pampu inapoacha kutumika. Muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka takribani siku 27 hadi chini ya 3. Lakini nyuma ya taarifa hizo kulikuwa na mafundi waliotengwa kwa kazi hiyo. Sisi tuliandika kwenye karatasi moja ya A4, ikabandikwa ukutani. Taarifa ya kwanza inakwenda kwa mlinzi, ajaribu kuwasha. Baada ya dakika kumi na tano inakwenda kwa fundi, naye analipwa kwa kila usiku anaoitwa, hata akikuta ni swichi tu. Ikipita saa nzima anaamshwa dereva, apeleke maziwa kabla hayajaharibika. Saini za wote zipo pale chini.

Laini ya simu ya kifaa isajiliwe kwa jina la ushirika. Yetu ilisajiliwa kwa alama ya kidole ya yule kijana, na alipohitimu akaenda mbali kikazi, tukakaa wiki mbili bila taarifa yoyote. Nywila nazo ziandikwe kwenye daftari la mweka hazina na kufungiwa kwenye sanduku la fedha. Kama kifaa chenu kinatuma mawimbi yake chenyewe badala ya kutumia laini, waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kununua.

Afisa mikopo alipoona mfumo unafanya kazi, aliomba pia lita za kila mfugaji. Joto la tangi si siri ya mtu, lakini lita zikishaunganishwa na jina ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuliuliza mfugaji mmoja mmoja, kwa maandishi. Waliokataa hawakuonekana kwenye orodha, wala hakuna aliyewasema.

Mwezi wa tano fundi alikuja na ombi ambalo hakuna mtu mwingine angelifikiria. Alitaka aone kila siku tangi limechukua muda gani kufika nyuzi 4. Lilikuwa likitumia saa mbili, likafika saa tatu na nusu kwa mzigo uleule. Alifungua nyuma ya mashine, akakuta mapezi ya kondensa, sehemu inayotoa joto nje, yamezibwa na vumbi la barabara. Aliyasafisha kwa brashi na maji, na kesho yake saa mbili zikarudi. Sasa kijana wa programu, huko aliko, amemwongezea grafu hiyo kwenye simu, na mlinzi amepewa brashi.