Ukiwa Upanga, Dar es Salaam: jinsi ya kuyapata majumba ya sinema, mapya na ya kale

Ramani ya simu itakuonyesha vizuri majumba yanayouza tiketi leo. Yale ya kale ni kazi ya kuuliza na kutembea, na kwangu ndiyo yenye utamu. Anza na rahisi.

Hatua ya 1: mapya. Century Cinemax ipo Aura Mall, hapo hapo Upanga, na nyingine ipo Mlimani City, Barabara ya Sam Nujoma. Hakikisha ratiba siku hiyo hiyo kabla hujatoka. Kama onyesho ni la usiku na unakwenda Mlimani, panga mapema usafiri wa kurudi.

Hatua ya 2: waulize wazee. Ukiuliza "majumba ya sinema ya zamani yako wapi?" utajibiwa kwamba yalishakufa, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza hivi: "Shikamoo mzee. Enzi zenu, Jumapili mlikuwa mnakwenda wapi kuangalia picha za Kihindi?" Hapo majina yatamiminika: Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Aliyekulia Ilala atakutajia Amana. Andika jina pamoja na alama anayokupa, kona au duka au msikiti, maana mitaa nayo imebadilishwa majina. Samora ya leo iliitwa Independence Avenue, na kabla ya hapo Acacia Avenue.

Hatua ya 3: magazeti ya zamani. Nyaraka za Taifa ziko Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Pia kuna East Africana, kitengo cha machapisho ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uliza kwanza utaratibu wa kibali, kisha omba gazeti la Tanganyika Standard na uende moja kwa moja kwenye matangazo ya sinema. Tangazo moja tu linaweza kumaliza ubishi wa wazee wawili.

Hatua ya 4: tembea, ukiangalia juu. Nenda Jumapili asubuhi, mjini kukiwa kumetulia. Avalon itafute Mtaa wa Zanaki, Empress barabara ya Samora. Usidanganywe na mabango ya maduka ya chini. Tafuta kibaraza cha zege kilichotokeza juu ya lango, milango mipana iliyopangana, na milango midogo ya kutokea upande wa uchochoro. Alama ninayoiamini kuliko zote ni ukuta mrefu wa ubavuni usio na dirisha hata moja. Kwa joto la Dar, nani angejenga nyumba ya kuishi namna hiyo?

Ukikutana na mlinzi, msalimie na umweleze shida yako kabla hujatoa simu kupiga picha. Mara nyingi anajua ndani kuna nini kuliko mpangaji mwenyewe. Mkiendelea kuzungumza, muulize jengo ni la nani: mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha, na sinema hazikusalimika. Video zilipoingia, kisha televisheni ikaanza Tanzania Bara mwaka 1994, watazamaji wakabaki majumbani.

Hatua ya 5: Drive-In. Ilifunguliwa mwaka 1966 huko Msasani, watu wakitazama wakiwa ndani ya magari yao. Usihangaike kuitafuta skrini. Eneo hilo sasa ni Ubalozi wa Marekani, Barabara ya Old Bagamoyo. Pita tu, wala usipige picha. Picha za Drive-In yenyewe ziulizie kwa familia zilizokuwa zikienda, na uombe ruhusa kabla ya kuzinakili.