Kuikinga Kompyuta ya Nyumbani na Umeme Usiotulia

Umeme wa majumbani nchini Tanzania umekusudiwa kuwa wa volti 230, lakini kinachofika kwenye soketi hupanda na kushuka, na mara nyingi kompyuta huungua si wakati umeme unapokatika bali unaporudi, kwa kuwa friji na pampu za mtaa mzima huanza kuvuta kwa pamoja na volti huyumba kabla ya kutulia. Kwa hiyo umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, na usiiwashe hadi dakika chache zipite tangu taa zirudi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, mwite fundi umeme mwenye leseni aipime erthi ya nyumba. Ekstensheni yenye kinga huupeleka umeme uliopita kiasi ardhini, na pasipo erthi sehemu kubwa ya kinga hiyo hupotea. Wale waliozoea kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi wafahamu kwamba, mbali na hatari ya kupigwa na umeme, kifaa chao hakijaunganishwa na erthi hata kidogo.

Si kila ekstensheni ina kinga. Yenye kinga huandikwa kwenye lebo kiwango cha jouli, yaani kipimo cha nishati inayoweza kuizuia. Isiyo na maandishi hayo ni waya wenye matundu mengi tu, hata ikiwa na taa nyekundu ya kupendeza. Tena kinga huchakaa kila inapozuia umeme, na ikishakufa ekstensheni nyingi huendelea kupitisha umeme kama kawaida.

Kwa kompyuta ya mezani kinachohitajika hasa ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda mfupi unapokatika, na hapa wanunuzi wengi hupotoshwa na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. UPS ya VA 650 (volti-ampea, kipimo ambacho namba yake huzidi ile ya wati) kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400, hivyo jumlisha wati za kompyuta na skrini, kisha ulinganishe na wati, si VA. Usitegemee kufanya kazi nayo jioni nzima: dakika inazokupa ni za kuhifadhi kazi na kuzima. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB ili kompyuta ijizime yenyewe ukiwa haupo. Printa ya leza isichomekwe humo, kwani inapopasha moto huvuta umeme mwingi mno kwa mkupuo. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka michache, na joto la Dar es Salaam au Mombasa huharakisha uchovu huo, hivyo iweke penye hewa. UPS nyingi za sasa hurekebisha volti zenyewe, na kuongeza stabilaiza juu yake, kwa maoni yangu, ni kupoteza fedha.

Mwenye kompyuta mpakato ana nafuu, maana betri yake ni UPS tosha na chaja nyingi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, ingawa chaja nayo huungua volti zikipita kiasi.

Radi ni jambo jingine, kwa kuwa hakuna kifaa cha dukani cha kuaminiwa mbele yake. Mawingu yanapojikusanya, chomoa plagi kabisa, kwani cheche huruka pengo dogo la swichi iliyozimwa, na uchomoe pia waya wa intaneti unaoingia kwenye kompyuta. Fanya hivyo mapema. Radi ikishaanza kupiga karibu, usiguse nyaya.