Namna ya Kuchagua Mandhari na Programu-jalizi Unapofungua Blogu ya WordPress

Mtu anayefungua blogu yake ya kwanza, awe mwongoza watalii wa Tukuyu, mkulima wa parachichi wa Njombe au mwalimu wa Iringa mjini, mara nyingi huanza na kazi iliyopaswa kungoja: hukesha akipekua mandhari moja baada ya nyingine ilhali hajaandika hata makala moja ya kuipamba. Ni afadhali aiache kwanza mandhari iliyokuja na WordPress yenyewe, programu ya kuendeshea blogu, aandike makala nne au tano zilizokamilika, zenye picha alizopiga kwa simu yake na vichwa atakavyovitumia kweli, ndipo aanze kuchagua. Mandhari ndiyo sura ya blogu, yaani rangi, aina za herufi, menyu na mpangilio wa kurasa. Programu-jalizi ni kipande cha programu kinachoipa blogu kazi ambayo haikuwa nayo, kama vile kupokea ujumbe kwa fomu au kujihifadhia nakala. Vyote viwili huandikwa na watu usiowafahamu, hukaa kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni inayohifadhi blogu) unayoilipia wewe, na vitadai kusasishwa muda wote blogu itakapokuwa hewani. Kila unachokiweka umejitwisha kukitunza, na kwa kipimo hicho mengi yanayopendeza huachwa bila majuto.

Maelezo haya yanamhusu zaidi mtu aliyenunua kikoa, yaani jina la anwani ya blogu, na nafasi ya seva, kisha akasakinisha WordPress inayopatikana bure WordPress.org. Aliyefungua blogu ya bure katika WordPress.com hawezi kusakinisha programu-jalizi, na wa Blogger ana violezo na gadjeti tu. Hao wasome sehemu ya mandhari, inayobaki haitawafaa.

Mandhari ipimwe kwa simu ya msomaji

Ukurasa wa maonyesho wa mandhari hutengenezwa ili kuuza. Utaona humo picha pana za mlalo zilizopigwa na fundi, vichwa vya maneno matatu, na nafasi nyeupe ya kutosha kwa sababu kioo ni cha kompyuta. Msomaji wako yumo kwenye basi kati ya Mafinga na Makambako, au amekaa kibandani Mwanjelwa akisubiri wateja, ameshika simu ya bei ya kawaida yenye bando analohesabu kwa MB. Mandhari inayoweka juu ya ukurasa picha kubwa zinazopishana zenyewe, video inayojicheza na aina sita za herufi zinazopakuliwa kutoka seva nyingine itamla bando kabla hajaifikia aya ya pili, naye hatakuwa na sababu ya kurudi.

Jaribio lenyewe si gumu. Chukua makala yenye kichwa kirefu, tuseme “Namna ya Kufika Ziwa Ngosi kutoka Uyole Wakati wa Masika”, uitazame katika kila mandhari unayoifikiria; WordPress hukuwezesha kuona onyesho la awali kabla ya kuiwasha mandhari, wageni wa blogu wasione chochote. Angalia kama kichwa kinakatika katikati ya neno, au kama kinajaza kioo kizima cha simu kiasi kwamba msomaji hana budi kusogeza ukurasa ili aione sentensi ya kwanza. Tazama menyu pia, kwa kuwa iliyopangwa kwa maneno mafupi huvunjika mistari miwili inapopewa “Safari za Kitulo” na “Wasiliana Nasi” pamoja. Kisha tazama picha kuu ya makala. Mandhari nyingi huikata picha hiyo kwa umbo la mlalo, na wengi wetu hupiga picha simu ikiwa wima, hivyo mgeni uliyempiga kando ya Daraja la Mungu anaweza kutokea kwenye ukurasa wa mwanzo akiwa kiwiliwili kisicho na kichwa. Ikiwa mandhari haina njia ya kubadilisha ukataji huo, ama uanze kupiga picha za mlalo ama utafute nyingine.

Yapo pia maneno ambayo mandhari huyaweka yenyewe: ya kumwalika mtu asome zaidi, aache maoni, atafute. Hayo kwa kawaida huja kwa Kiingereza, na blogu ya Kiswahili iliyotapakaa vitufe vya Kiingereza huonekana kama nyumba ya kupanga. Mandhari iliyoandaliwa kwa tafsiri hukuruhusu kuyageuza kwa faili la lugha au kwa programu-jalizi kama Loco Translate, na katika mandhari za bloku, zinazojengwa kwa vipande vidogo kama aya, picha na vitufe, mengi ya maneno hayo hubadilishwa moja kwa moja kwenye kihariri. Iliyoyafungia maneno ndani ya msimbo wake iachwe. Kuhusu aina za herufi hakuna la kuhangaikia sana, maana Kiswahili hakitumii herufi zenye alama za ziada. Chungulia tu ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo isije ikaacha pengo katikati ya neno.

Mandhari mbili au tatu zikishapita hapo, ziwashe kwa zamu, ubandike anwani ya makala ileile kwenye PageSpeed Insights ya Google na usome kwanza matokeo ya simu. Kipimo kiitwacho LCP huonyesha muda ambao kitu kikubwa zaidi kwenye kioo huchukua kuonekana, na Google huhesabu kuwa ni kizuri kisipozidi sekunde 2.5. Baada ya hapo zima Wi-Fi, ufungue makala kwa bando lako mwenyewe ukiwa mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua, jambo ambalo kwenye milima yetu halihitaji safari ndefu.

Pa kuanzia ni orodha ya mandhari ya WordPress.org, ambako kila moja hukaguliwa kabla ya kupokelewa na ambako kuna kanuni nzuri inayokufaa hata unaponunua kwingine: mandhari ishughulike na sura, kazi ziachiwe programu-jalizi. Mandhari za kulipia zinazojisifu kuja na kila kitu, kuanzia fomu hadi majedwali na kijenzi chake cha kurasa, hukufunga. Siku utakapoibadilisha, makala zako hubaki zimejaa vipande vya msimbo ndani ya mabano ya mraba ambavyo mandhari mpya haivielewi. Kwa anayeanza ningependekeza mandhari ya bloku, aina iliyoingia rasmi na toleo 5.9 la Januari 2022, kwa sababu kichwa, kijachini na ukurasa wa makala huhaririwa kwa bloku zilezile unazoandikia. Twenty Twenty-Five, iliyo ya WordPress yenyewe, ni nyepesi na inatosha. Mwenye kutaka mipangilio mingi iliyokwisha kuandaliwa atazame GeneratePress, Kadence au Astra, ambazo zote zina matoleo ya bure.

Ile mandhari ya kulipia ambayo mtu anakutumia bure kwenye kundi la WhatsApp au Telegram usiiguse. Watetezi wake husema kwamba GPL, leseni ya programu huria, inaruhusu kunakili, na mara nyingi ni kweli, lakini hakuna anayejua ni nani aliyelifungua faili hilo njiani na aliongeza nini. Kinachoongezwa huwa ni msimbo uliofichwa unaowapeleka wageni wako kwenye tovuti za kamari au kumfungulia mtu mwingine mlango wa seva, na wewe mwenye blogu huenda usiuone, maana baadhi ya misimbo hiyo hujificha kwa aliyeingia kama msimamizi.

Programu-jalizi: uliza kwanza kama WordPress haijaifanya kazi hiyo

Mtandaoni kuna makala nyingi za zamani zinazomshauri mgeni aweke programu-jalizi kumi na tano siku ya kwanza. Nyingi kati ya kazi hizo WordPress imekwisha kuzichukua. Ramani ya tovuti kwa ajili ya injini za utafutaji imo ndani tangu toleo 5.5 la Agosti 2020, na toleo hilohilo lilileta usasishaji wa kujiendesha wa mandhari na programu-jalizi pamoja na utaratibu wa kuchelewesha kupakia picha ambazo msomaji hajazifikia. Picha za WebP, muundo wa faili nyepesi, hukubaliwa tangu toleo 5.8 la mwaka 2021. Picha yenye upande unaozidi pikseli 2560 hupunguzwa yenyewe tangu 2019, ingawa faili asilia hubaki kwenye seva na kula nafasi, kwa hiyo picha ya MB 5 bado ni vyema kuipunguza kabla ya kuipandisha. Majedwali, safu, vitufe na matunzio ya picha ni bloku za kawaida. Hata kitufe cha WhatsApp, ambacho watu huwekea programu-jalizi nzima, ni kiungo tu: andika wa.me, mkwaju, kisha 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo, ukiambatishe kwenye bloku ya kitufe.

Kinachobaki ni kidogo. Ya kwanza kabisa ni ya nakala rudufu, na UpdraftPlus ya bure inaweza kupeleka nakala kwenye Google Drive. Nakala inayokaa kwenye seva ileile ya blogu itapotea pamoja na blogu. Ya pili ni ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kuandaliwa ili seva isizijenge upya kwa kila mgeni: muulize mwenye seva kama anatumia LiteSpeed, aina ya programu ya seva, na ikiwa ndivyo weka LiteSpeed Cache, la sivyo WP Super Cache, lakini usiweke mbili za kazi hiyo kwa pamoja kwa sababu hugombana. Kwa maoni ya takataka kuna Akismet, ambayo ni bure kwa blogu binafsi isiyo ya biashara. Anayeuza safari au miche aangalie Antispam Bee, isiyo na sharti hilo. Ya kukusaidia kuonekana kwenye injini za utafutaji, Yoast SEO au Rank Math, mojawapo tu, inaweza kusubiri hadi uwe na makala za kutosha za kutafutwa.

Fomu ya mawasiliano inahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Contact Form 7 ni nyepesi na imezoeleka, ila yenyewe haiweki ujumbe popote. Huutuma kwa barua pepe na kuusahau. Seva yako isipotuma barua pepe sawasawa, mgeni wa Ujerumani aliyeomba kuongozwa Kitulo wakati maua yamechanua atadhani umempuuza, nawe hutajua kama aliwahi kuandika. Weka pamoja nayo Flamingo, inayotunza ujumbe kwenye hifadhidata, na uijaribu fomu mwenyewe kabla ya kumtangazia mtu. Kwa kuwa hapo unakusanya majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: omba tu taarifa unazozihitaji, ueleze unazitumia kwa nini, na ufute zilizokwisha kazi.

Kabla ya kusakinisha yoyote, fungua ukurasa wake katika orodha ya WordPress.org na usome pembeni. Utaona tarehe ya sasisho la mwisho, idadi ya tovuti zinazoitumia na toleo la WordPress ambalo imejaribiwa nalo. Ambayo haijajaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni huwekewa onyo, na onyo hilo lichukuliwe kwa uzito. Nyota tano hazisemi mengi. Soma malalamiko ya nyota moja, halafu uende kwenye sehemu ya msaada uone kama mwandishi wa programu hujibu watu, kwa kuwa programu-jalizi iliyoachwa na mwenyewe ndiyo inayoingiza wavamizi.

Sakinisha moja, fungua blogu kwa simu, tembea kurasa tatu nne, ndipo uweke nyingine. Ukiweka tano kwa mkupuo na ukurasa ukageuka mweupe, hutajua ya kulaumu. Tangu toleo 5.2, WordPress hutuma kwa barua pepe ya msimamizi kiungo cha kuingilia hali ya uokoaji pale programu-jalizi inapoiangusha blogu. Barua hiyo isipofika, ingia kwenye kidhibiti cha seva, fungua kisimamizi cha faili, nenda kwenye folda ya wp-content na ndani yake plugins, kisha badilisha jina la folda ya ile uliyoiweka mwisho, kwa mfano kwa kuongeza neno “zima” mwishoni. WordPress isipoikuta kwa jina lake itaizima, na blogu itarudi. Usiyoitumia uifute kabisa, maana iliyozimwa bado ina msimbo kwenye seva na tundu lake bado ni tundu. Mandhari zisizotumika nazo zifutwe, isipokuwa moja ya WordPress yenyewe, ambayo hutumika kama akiba endapo unayoitumia itaharibika.

Masasisho madogo ya usalama yaruhusu yajiendeshe. Sasisho kubwa la mandhari au la programu-jalizi ya fomu lifanye mwenyewe, asubuhi ya siku ambayo huna safari na umeme haujakatika: chukua nakala rudufu kwanza, sasisha moja baada ya nyingine, kisha fungua blogu kwa simu katika dirisha la faragha ili uione kama mgeni, ujaze fomu yako na kusubiri mpaka ujumbe ukufikie.